Kuwapeleka Watoto Shuleni Katika Nchi Ngeni

Wako ndugu wengi waniandikiao kutoka Kivu, na kutoka kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, wakiuliza: "Mwalimu, tukifika Marekani, watoto wetu watapokewa shuleni, au tutadaiwa fedha tusizo nazo?" Nimeona vema niwajibu wote pamoja, kwa kuwa mimi nami niliwapeleka wanangu wawili mwaka 2023, nikiwa mgeni kama watakavyokuwa wao.

Neno la kwanza ni hili: usiende shuleni kama mwombaji. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikata shauri lililotoka katika jimbo la Texas, ikaamua ya kuwa mtoto asinyimwe shule ya umma kwa sababu ya hali ya karatasi zake za uhamiaji. Ada ya masomo hakuna, na mtoto wa nyumba maskini hupewa na chakula cha mchana bure.

Walakini asiye mwombaji naye haendi mikono mitupu. Huulizwa wakaa wapi, kwa kuwa shule zimegawanywa kwa mitaa. Basi chukua mkataba wa nyumba au hati ya umeme. Tena huulizwa habari za chanjo: surua, polio, pepopunda, na nyingine kama jimbo litakavyo. Kwa hiyo itunzeni kadi ya kliniki kama mtunzavyo fedha. Ikipotea, mtoto huenda akadungwa sindano upya. Cheti cha kuzaliwa pia huulizwa, lakini mtoto asiye nacho hawezi kukataliwa kwa sababu hiyo. Karatasi nyingine ionyeshayo umri wake yafaa.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Katika karatasi za kuandikisha imo moja iulizayo: "Nyumbani mwenu mwasema lugha gani?" Ndugu mmoja wa kwetu, mtu aliyetangulia kufika, alinishauri niandike Kiingereza. Akasema, "Ukiandika Kiswahili, watoto watatengwa na wenzao na kuchekwa." Neno lake halikuwa la kipuuzi, maana alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Na binti yangu, mwenye miaka 11, alikuwa amesoma kwa Kifaransa, kama ilivyo desturi ya shule za Wakongo huko kambini, Kiingereza hakukijua. Tena Marekani mtoto hutiwa darasani zaidi kwa umri wake, si kwa lugha ajuayo. Basi alikuwa aende kuketi na watoto waliozaliwa katika Kiingereza, akiulizwa hesabu azijuazo kwa maneno asiyoyajua.

Niliandika Kiswahili. Kila mwalimu amjua mtoto anyamazaye darasani, na ajua ya kuwa si kila anyamazaye ni mzito wa akili. Lakini mwalimu atajuaje sababu ya ukimya, ikiwa baba ameificha? Mwaka 1974 mahakama ile ile iliamua shauri la watoto wa Kichina wa San Francisco, ikasema ya kuwa kuwapa watoto wote vitabu vile vile na walimu wale wale si usawa, ikiwa wengine hawaelewi lugha ya kufundishiwa. Tangu hapo shule imepaswa kuwasaidia watoto wa namna hiyo. Aifichaye lugha ya mwanawe huificha na haja yake.

Binti yangu alipimwa, akapewa somo la Kiingereza mbali na wenziwe. Miezi ya kwanza alirudi nyumbani akilia, akisema yeye si mtoto mdogo. Mama yake alitaka tumwondoe. Na sheria humruhusu mzazi kukataa somo hilo. Tulikubaliana kungoja. Hupimwa tena kila mwaka. Mtihani wa kumtoa katika somo lile hajaushinda bado, lakini sasa husoma kitabu kizima peke yake, naye huuliza maswali darasani.

Jambo la mwisho ni la heshima ya nyumba. Watoto hujifunza lugha upesi kuliko sisi, na pasipo kuangalia, mtoto huwa kinywa cha baba yake. Siku moja niliitwa shuleni kwa habari za mdogo wake, karani akataka binti atafsiri. Nikamwambia kwa upole ya kuwa haya ni maneno ya watu wazima. Shule imepaswa kusema na mzazi kwa lugha aielewayo, bila malipo; nikaomba mkalimani. Alipatikana kwa simu, Kiswahili chake cha Mombasa na changu cha Kivu, tukaelewana vizuri.

Basi, ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Chukueni karatasi zenu, semeni kweli juu ya lugha yenu, ombeni mkalimani, na kila jioni mwambie mtoto akusimulie kwa Kiswahili aliyojifunza kwa Kiingereza. Mzazi asiyejua lugha ya shule angali mzazi, na mtoto ataka kuliona jambo hilo kila siku.