Nyumba ya Udongo

Mwenye kusafiri kutoka Kasongo kwenda Kabambare huona njiani nyumba nyingi za udongo. Mgeni huzitazama na kusema, "Hii ni kazi ndogo." Sivyo. Nyumba ya udongo ina majira yake.

Kazi huanza wakati wa kiangazi. Kwanza hukatwa nyasi za kuezekea. Moto wa nyika ukitangulia, mvivu hukuta majivu. Kisha nguzo za mti mgumu husimikwa katika mashimo, na fito hufungwa juu yake kwa kamba za magome. Paa huezekwa kwanza, lipate kuukinga ukuta. Watoto huteka maji, na watu wazima huukanyaga udongo mpaka ulainike. Udongo hujazwa katikati ya fito, nao huachwa ukauke. Mwisho ukuta hupakwa udongo mweupe, na chini yake mwekundu au mweusi, kama pindo la nguo.

Nyumba hizi ni za pembe nne, na mbele zina baraza. Waungwana, waliofuata njia ya misafara kutoka pwani, walijenga za namna hiyo Kasongo, kabla mji haujatekwa na askari wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Paa hutokeza nje, mvua isiupige ukuta.

Hata katika nchi za baridi kali watu walitumia udongo. Wayakuti wa Siberia walisimamisha magogo yaliyoinama, wakayapaka udongo na mavi ya ng'ombe. Madirisha yao ya baridi yalikuwa vipande vya barafu! Nao pia waliikandika nyumba tena kabla ya baridi kufika.

Alikuwako mtu mmoja aliyeona ufa karibu na kitanda cha watoto wake. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, tuuzibe leo." Akajibu, "Kesho." Ikawa kesho kila siku. Mvua zilipoanza, maji yaliingia katika ufa, na usiku ukuta ukaanguka juu ya kitanda. Watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao. Asubuhi baba alisimama mbele ya kile kitanda kilichovunjika, asiweze kusema neno. Kisha akachukua jembe, akaenda kuchimba udongo.

Ufa wa jana ulitaka konzi mbili tu za udongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.