Dawa ya Unene na Sanduku la Wote

Huku kwetu mtu akinenepa husifiwa. Majirani husema: mke wake anamtunza vema. Basi wengi wenu mtashangaa kusikia kwamba huko Marekani watu wanabishana na serikali yao iwalipie dawa ya kukonda. Sisi pia tulidhani ni mambo ya wenye kushiba kupita kiasi. Tulipochunguza, tuliona shauri hilo ni zito.

Marekani kuna bima mbili kubwa za serikali, nazo zilianzishwa mwaka wa 1965. Medicare ni ya wazee waliotimiza miaka 65 na ya baadhi ya walemavu. Medicaid ni ya maskini, na kila jimbo lina neno lake katika kuiendesha. Mwaka wa 2003 bunge lilitunga sheria ili Medicare ilipie dawa ambazo mgonjwa hutumia nyumbani, lakini likatenga dawa kadha wa kadha zisilipwe. Katika hizo, dawa za kupunguza uzito ziliwekwa pamoja na za kuotesha nywele. Fikirini! Mwenye kipara na yule ambaye uzito umemharibu magoti walihesabiwa kundi moja, kana kwamba wote wawili wanatafuta urembo. Lakini tusiwalaumu mno wabunge wale. Dawa za unene za siku zile zilikuwa dhaifu, na moja iliyopendwa sana, fenfluramini, iliondolewa madukani mwaka wa 1997 kwa kuwa iliharibu vali za moyo.

Dawa za sasa ni nyingine. Semaglutidi huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Mwaka wa 2017 iliruhusiwa kwa ugonjwa wa sukari, kwa jina la Ozempic. Mwaka wa 2021 ikaruhusiwa kwa unene, kwa jina la Wegovy. Katika jaribio lililotangazwa mwaka huo, waliochomwa sindano walipungukiwa, kwa wastani, karibu 15 kwa mia ya uzito wao. Lakini bei iliyowekwa na kiwanda ilipita dola 1,300 kwa mwezi, na anayeiacha kwa kawaida hunenepa tena. Kwa hiyo si dawa ya siku chache kama ile ya malaria, bali ni ya miaka.

Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye seminari anakaa huko na jamaa yake. Daktari alimwandikia sindano hiyo. Bima yake ikakataa. Alituambia kwa simu: “Mwalimu, fedha hizo ni kodi ya nyumba yetu. Nikonde, halafu watoto walale wapi?”

Mwezi wa Machi 2024 Wegovy iliruhusiwa pia kuwakinga na mshtuko wa moyo na kiharusi watu wanene ambao tayari wana ugonjwa wa moyo au wa mishipa. Hao Medicare ikakubali kuwalipia. Sindano ni ileile, unene ni uleule. Ila wakati huo, moyo usipougua kwanza, sanduku halikufunguka. Hatuoni hekima ya kungoja nyumba ishike moto ndipo maji yatekwe.

Hata hivyo twajua sanduku ni kitu gani. Katika chama chetu cha parokia cha kusaidiana matibabu, sisi ndio tunaoandika daftari. Hatulipi miwani wala meno. Si kwamba meno hayaumi! Ni kwamba akina mama watatu wakipasuliwa mwezi mmoja, fedha zimekwisha. Hivyo twaielewa hofu ya jimbo la California, ambalo tangu tarehe 1 Januari 2026 liliacha kulipia dawa hizi kwa kupunguza uzito tu.

Lakini nani ameweka bei? Mwaka wa 2024 wachunguzi, wengine wao wa chuo cha Yale, walikadiria kwamba kutengeneza semaglutidi ya mwezi mmoja hakufiki dola 5. Wenye viwanda hujibu kwamba uchunguzi uliwagharimu sana. Ni kweli, lakini kati ya 5 na 1,300 mna nafasi kubwa mno. Na bei inaweza kushuka: Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza mapatano na Novo Nordisk na Eli Lilly, kwamba Medicare itauziwa kwa dola 245 kwa mwezi, na mgonjwa anayekubaliwa atoe 50.

Miezi miwili kabla ya hapo, Shirika la Afya Duniani lilitia semaglutidi katika orodha ya dawa za lazima, kwa wagonjwa wa sukari wenye moyo au figo mbovu pamoja na unene, na likahimiza bei ishuke. Insulini imo katika orodha hiyo tangu ile ya kwanza, ya mwaka wa 1977. Katika parokia yetu wako wanaouza mbuzi ili wainunue.