Barua ya Malalamiko

Kulalamika ni rahisi. Kusikilizwa ndiyo kazi. Barazani, ndani ya basi, kwenye foleni ya hospitali, sisi sote ni mabingwa wa kulalamika, na aghalabu maneno yetu huishia pale pale yalipoanzia. Barua ni jambo jingine. Huingia masijala, hupigwa muhuri, huwekwa kwenye jalada, na siku moja husomwa na mtu ambaye hajapata kumwona mwandishi wake. Naamini barua ya malalamiko huandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, bibi mjane anayelea wajukuu wawili, alikatiwa maji. Ankara yake ilidai yuniti 96, ilhali miezi ya nyuma hakupata kuvuka yuniti 7. Alikwenda dirishani mara 3, na mara zote akaambiwa alipe kwanza, malalamiko baadaye. Ndipo alipokuja kwangu. "Niandikie barua kali, mjukuu wangu," alisema, "wajue kwamba nami nina watu."

Nilimwambia, "Bibi, ukali tuuweke kwenye hesabu." Yuniti moja ni lita 1,000. Yuniti 96 kwa mwezi wa siku 30 ni lita 3,200 kila siku, yaani ndoo 160 za lita 20, kwa watu watatu wenye bomba moja uani! Kisha tukaenda kuitazama mita yenyewe. Ilisoma 412. Ankara ya mwezi uliopita iliandika 499. Mita hairudi nyuma.

Barua haikuzidi ukurasa mmoja. Juu tuliweka anwani, tarehe na namba ya akaunti. Chini yake kichwa cha habari kilichotaja ankara ya mwezi gani. Aya ya kwanza ilieleza kilichotokea, ya pili ilitoa hesabu na kutaja nakala za ankara tulizoambatisha. Ya tatu iliomba mambo matatu: mita isomwe upya, ankara isahihishwe, na maji yarudishwe wakati uchunguzi ukiendelea. Tukaomba jibu kwa maandishi katika siku 14. Nakala moja ilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nyingine ilipigwa muhuri wa kupokelewa, bibi akarudi nayo nyumbani.

Bibi alitaka tuongeze habari za karani aliyemjibu akitafuna, na za mtaro uliochimbwa mlangoni pake bila kufukiwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini barua yenye mashtaka matano humpa msomaji nafasi ya kujibu lile lililo jepesi. Na afungua-barua si yule aliyekosea. Mtukane, naye atakuwa upande wa mwenzake. Mpe jambo analoweza kulimaliza kwa sahihi moja.

Muhuri ule nao una maana yake. Nchini Tanzania mwananchi amekuwa na mahali pa kupeleka manung'uniko dhidi ya watendaji tangu ilipoundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966. Nafasi yake ilichukuliwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwa maji na umeme iko EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Huko mlalamikaji huulizwa kwanza kama alianza na mtoa huduma mwenyewe. Asiye na nakala atajibu nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.

Siku ya 11 fundi alikuja, akasoma mita, akafungua maji. Msomaji wa mita alikuwa ameandika 499 badala ya 409. Ankara ikashuka hadi yuniti 6. Hakuna aliyeomba radhi, na barua haikuwa imeomba radhi.

Bibi aliitunza ile nakala sandukuni, pamoja na cheti chake cha ndoa. Sidhani ni kwa sababu ya fedha. Dirishani alikuwa mzee mmoja tu katika foleni. Katika karatasi ile alikuwa mtu mwenye jina, tarehe na hoja, ambaye ofisi nzima ililazimika kumjibu.