Ngome ya Mombasa kwa Macho ya Mkulima wa Burat

Mkulima aishiye Burat, karibu na mji wa Isiolo, ameyazoea mambo mawili: jua kali na hesabu ya maji. Maji ya shamba hutolewa mtoni kwa mifereji, na kila mtu ana zamu yake. Mwenye kukosa zamu huona vitunguu vyake vikinyauka machoni pake, ilhali maji yanapita shambani kwa mwenziwe. Kwa hiyo si ajabu kwamba mzee mmoja wa huko, alipofika Mombasa kuitazama Ngome ya Yesu, hakuanza kwa kuuliza habari za mizinga. Aliuliza, "Watu hawa walikunywa nini?"

Mzee huyo alifuatana na mpwa wake, ambaye ni karani mjini Isiolo. Kijana alikuwa na likizo, naye alitaka kuyaona kwa macho yale aliyoyasoma shuleni. Mjomba wake alikuwa na sababu nyingine ya safari. Tangu kiangazi kilichopita alikuwa hasemezani na jirani yake wa chini ya mfereji, kwa ajili ya maji yaliyofungwa usiku, na alitamani kupumzika kidogo na maneno ya watu.

Kutoka Isiolo hata Mombasa ni zaidi ya kilometa 700. Waliondoka alfajiri kwa njia ya Timau na Nanyuki, Mlima Kenya ukiwa upande wao wa kushoto, na baridi ya Timau ikamfanya mzee ajifunike blanketi mpaka masikioni. Wakalala Nairobi. Siku ya pili wakapanda gari la moshi la reli mpya, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka wa 2017, wakashuka kutoka bara penye baridi, wakapita Tsavo yenye udongo mwekundu, hata wakafika Miritini. Hapo wakapanda matatu, wakavuka Makupa na kuingia kisiwani.

Ngome yenyewe imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, pale mkono wa bahari unapoingia kwenye bandari ya zamani. Nyuma yake ni Mji wa Kale, wenye vichochoro vyembamba na milango ya nakshi. Kuta zake zina rangi ya udongo wa manjano uliochanganyika na wekundu, nazo ni nene na ndefu, hata mtu asimamaye chini ya handaki hujiona mdogo kama siafu. Eneo lote, pamoja na handaki, ni hekta 2.36, yaani karibu ekari 6. Mzee alipoambiwa hivyo alishangaa. Alidhani kitu kilichogombewa na mataifa kwa muda wa miaka mingi namna ile lazima kiwe kikubwa kuliko shamba la mtu mmoja.

Walioijenga ni Wareno. Katika miaka ya 1580 manowari za Waturuki zilikuja pwani hii, na Wareno wakaona kwamba bila ya ngome watanyang'anywa njia yao ya kwenda Bara Hindi. Mfalme Filipo, aliyetawala Uhispania na Ureno pamoja, akaamuru ijengwe. Kazi ilianza mwaka wa 1593, na kufikia mwaka wa 1596 ngome ilikuwa imesimama. Lakini aliyeichora hakuwa Mreno. Alikuwa Mwitalia wa mji wa Milano, jina lake Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa ngome za Wareno katika nchi za mashariki.

Waitalia wakati ule walikuwa walimu wa dunia katika kazi hiyo. Bandari zao, kama vile Livorno, zilikuwa na ngome za namna mpya kando ya maji. Walikuwa wamejifunza kwamba ukuta mrefu na mwembamba huanguka upesi mbele ya mzinga. Basi wakajenga kuta nene, na katika kila pembe wakatokeza sehemu iliyochongoka kwenda nje. Sababu yake ni hii: askari aliye juu ya ukuta hawezi kumwona adui aliyejibanza chini ya ukuta wake mwenyewe. Lakini askari wa pembe ya pili humwona vizuri, na humpiga kutoka ubavuni. Ndivyo ilivyo Mombasa. Ngome ina pembe nne, na kila moja ina jina la mtakatifu: Filipo, Alberto, Mathayo na Mathia.

Kiongozi wa wageni aliwasimamisha kwanza langoni. Juu yake kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka wa 1635, yanayomsifu kapiteni aliyeitengeneza ngome upya baada ya kupotea. Nayo ilipoteaje? Hapo pana habari ya kusikitisha. Sultani Hasan, wa ukoo wa Malindi, alikuwa rafiki wa Wareno, nao wakamweka kuitawala Mombasa. Baadaye wakagombana naye juu ya mapato, wakamdhulumu, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka wa 1614. Mwanawe mdogo, Yusuf, alipelekwa Goa, akalelewa na Wareno, akabatizwa na kupewa jina la Jeronimo. Walipomrudisha kutawala walidhani wamepata mtu wao kabisa. Lakini kijana hakusahau damu ya babaye. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu aendaye kumwamkia kapiteni, akamwua, akaitwaa ngome yote.

"Kwa hiyo aliingia kwa mlango," mzee akasema.

"Ndiyo, mjomba, kwa mlango," mpwa akajibu. "Ukuta haukumzuia."

Ndani, mzee alipata jibu la swali lake. Alionyeshwa birika kubwa lililochongwa ili kuwekea maji ya mvua, na kisima kirefu kilichochimbwa na Waarabu baada ya Wareno kuondoka. Lakini maji ya kisima kile yana chumvi. Yalifaa kwa kuoshea tu. Mzee aliinama, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Mtu wa Burat hahitaji kufundishwa maana ya kuitegemea mvua peke yake.

Ndipo kiongozi alipowasimulia habari ya mazingiwa makuu. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yalikuja, yakaizunguka ngome. Ndani walikuwamo askari Wareno wachache, pamoja na watu wengi wa pwani waliokuwa upande wao, waume kwa wake na watoto. Mizinga ililia pande zote mbili, lakini kuta za Mwitalia hazikuanguka. Kilichoingia ndani ni njaa, na baada ya njaa maradhi. Meli za msaada zilikuja kutoka Goa, zikaleta watu na chakula, na baadhi ya waliokuja wakafa kwa maradhi yale yale. Meli moja ya vita, Santo António de Taná, ilizama mbele ya ngome mwezi wa Oktoba 1697. Mabaki yake yalipigiwa mbizi na wachunguzi kati ya mwaka wa 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa baharini vimewekwa katika jumba la makumbusho humo humo ngomeni.

Katika mwaka huo wa 1697 kapiteni alikufa, na kwa muda wa majuma kadhaa aliyeishika ngome hakuwa Mreno bali Mswahili, Bwana Daudi wa Faza, pamoja na watu wake. Karani alimwomba kiongozi alirudie jina hilo, akaliandika katika kitabu chake kidogo, shuleni hakulisikia.

Mazingiwa yaliendelea kwa miezi 33. Mwezi wa Desemba 1698 Waomani walipanda ukuta usiku, na waliowakuta wakiwa hai hawakufika hata ishirini. Siku chache baadaye meli za msaada zilitokeza tena baharini. Zikaiona bendera nyekundu ya Oman juu ya ngome, zikageuza matanga na kwenda zao.

Mzee alikaa kimya. Kisha akauliza kama watu wa mji walikuwa wakiwapelekea chakula wale waliofungiwa ndani. Akajibiwa kwamba wengi wa Mombasa walikuwa wamechoka na Wareno muda mrefu, hata wengine waliwaita Waomani waje. Mzee akasema, "Basi walianza kufa kabla ya kuzingirwa."

Habari zilizofuata ziliithibitisha kauli hiyo. Mwaka wa 1728 Waomani waligawanyika kwa vita vya kwao, na Wareno wakairudia ngome. Lakini mwaka wa 1729 watu wa mji waliwazingira, na ilipofika Novemba wakasalimu amri kwa kukosa chakula. Ukoo wa Mazrui ukaitawala Mombasa karibu miaka mia. Lakini watu wa mji walipokosana wao kwa wao, Sayyid Said wa Unguja akapata njia ya kuingia, na mwaka wa 1837 akaishika ngome. Ni mara moja tu kwamba mizinga ilimaliza shauri upesi: mwaka wa 1875 akida wa ngome alimwasi Sultani Barghash, na manowari za Waingereza zikaipiga kwa saa chache, akasalimu amri.

Tangu mwaka wa 1895 hata 1958 ngome ilikuwa jela ya serikali ya Waingereza. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno letu gereza lilitoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa, kama vile bendera, meza na leso zilivyotoka kwao. Jengo lililoanza na jina la Yesu likaishia kuwa mahali pa pingu. Mwaka wa 1958 wafungwa waliondolewa, kuta zikatengenezwa, vyumba vikafukuliwa na kusafishwa, kisha jumba la makumbusho likafunguliwa. Mwaka wa 2011 ngome iliandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa dunia. Leo wanafunzi wa shule huja makundi kwa makundi, nao hukimbia mahali ambapo zamani mtu hakuweza kutembea bila ya askari nyuma yake.

Kabla ya kuondoka walipanda juu ya pembe moja itazamayo bahari. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na jahazi moja lilikuwa likiingia bandarini. Mzee aliinama ukutani kutazama chini, asiweze kuona kitako cha ukuta aliosimamia. Akainua macho kuitazama pembe ya pili, na chini yake akaona kila jiwe na kila jani. Akamwita mpwa wake aje aone.

"Yule Mwitalia alikuwa na akili," akasema. "Mimi hapa siwezi kuulinda mguu wangu. Anayeulinda ni yule kule. Nami ndiye ninayeulinda wake. Tukikosana sisi wawili, ukuta huu wote ni kazi bure."

Mpwa alidhani mjomba wake anazungumza juu ya Wareno, akakubali. Lakini katika safari ya kurudi, mzee hakuzungumza tena habari za ngome. Aliuliza tu tarehe ya siku ile, na mvua zimebakiza majuma mangapi kabla ya kwisha.

Walifika Burat jua likikaribia kutua. Mzee aliuweka mzigo wake mlangoni bila ya kuufungua, akachukua fimbo, akashuka kuufuata mfereji hata shamba la chini, akapiga hodi. Yaliyosemwa huko waliyajua wao wawili. Siku ya Jumapili watu wote wa mfereji walikutana chini ya mti, karani akaziandika zamu upya katika karatasi moja, mchana na usiku, na zamu ya kwanza ya kiangazi wakampa mtu wa shamba la mwisho.