Gari ya familia kabla mtoto hajafika: tulichoangalia Makambako na Njombe

Leo naomba tuweke viazi na parachichi pembeni kidogo. Tangu Julai wengi mmeniuliza swali moja: kwa nini bwana shamba amenunua Raum, na hela ya Rav4 alikuwa nayo? Nitajibu kwa kirefu, maana najua wapo kati yenu ambao wake zao ni wajawazito na fedha ya mavuno iko mkononi.

Hali yetu ilikuwa hivi. Mimi nina pikipiki ya kazi, zile ambazo serikali ilianza kutugawia maafisa ugani mwaka 2022. Inanifikisha shambani, lakini haibebi mama mwenye mimba ya miezi minane, wala kichanga kwenye baridi ya Njombe. Mtoto alitarajiwa mwanzoni mwa Julai. Tulikuwa na milioni 11, akiba ya miaka minne ya watu wawili, mimi na mke wangu ambaye ni mwalimu. Nyuma ya hiyo hakukuwa na nyingine. Gari ingekufa mwezi wa pili, tungebaki na mtoto mikononi na chuma uani.

Neno moja kabla ya magari. Hata ukiwa na gari, andika namba 115 ukutani. Ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Usiku wa dharura gari yako inaweza kuwa haina mafuta, au wewe mwenyewe uko safarini.

Ng'ombe wa maziwa hanunuliwi kwa rangi

Tuliangalia magari matatu. La kwanza lilikuwa Rav4 pale Makambako, inang'aa, bei milioni 11 kamili. Nikainama kwenye matairi. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2213 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2013. Yale matairi yalipakwa dawa yakawa meusi kama mapya, kumbe yalikuwa na zaidi ya miaka kumi. Pili, injini yake ilikuwa ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini nzuri ukiipa mafuta safi na fundi anayeijua. Mimi najua mafuta ninayonunua vijijini yanavyokuwa. Tatu, ingemaliza hela yote, na matairi bado.

La pili lilikuwa IST, kilomita chache sana kwenye dashibodi. Lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana, na usukani umechakaa. Kilomita hurudishwa nyuma, pedali hairudi. Nikawasha hita, ikatoa upepo wa baridi. Fundi niliyekwenda naye akafunua boneti, akanionyesha paipu za maji za hita zimekatwa na kuunganishwa juu kwa juu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri watu wa nyanda za juu. Gari nyingi tunazonunua zimeishi Dar es Salaam, na kule hakuna mtu anayewasha hita. Ikivuja, fundi anaikata tu na maisha yanaendelea. Vilevile gari ikichemsha, mafundi wengi hung'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Njombe gari ya namna hiyo haipati joto lake, inakula mafuta zaidi, na hita yake ni ya uvuguvugu. Tena hita ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele alfajiri. Kwa mtu mwenye kichanga, hita ni kifaa cha lazima kama breki.

Gari tuliyochukua

La tatu lilikuwa Raum ya mwalimu mstaafu hapa Njombe mjini, milioni 9. Nilimwomba asiiwashe mpaka nifike. Gari iliyokwisha pashwa moto inaficha mengi. Tuliiwasha saa moja asubuhi. Ilitoa mvuke mweupe mwembamba, ukaisha baada ya dakika chache; kwa baridi yetu huo ni wa kawaida. Moshi wa bluu ungekuwa oili inaungua, na mweupe mzito usioisha ungekuwa maji yanaingia kwenye injini. Tukachomoa kijiti cha oili: hakuna weupe kama wa uji. Tukaendesha mpaka Makambako na kurudi, kilomita kama 60 kila upande, vilima na miteremko, gia zikibadilika bila kushtuka.

Jaribio kubwa alilifanya mke wangu. Alipanda na kushuka mara tano na tumbo lake. Milango ya nyuma ya Raum ni ya kusukuma kando, basi akaifungua kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mkoba kama mtoto. Akasema, "Baba, hii." Baba mkwe hakupendezwa. Aliniambia, "Mkwe, mtu wa serikali unanunuaje gari la akina mama?" Nikamjibu kwa heshima, "Shikamoo baba, ndiye mama anayekwenda kujifungua." Alicheka, lakini mpaka leo anaiita kikapu.

Karatasi

Jina kwenye kadi ya gari lazima lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Dai kadi halisi, maana kadi ikiwa kivuli inawezekana yenyewe imewekwa rehani. Linganisha namba ya chesesi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi. Ulizia faini za polisi za namba hiyo. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela ipite benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike wiki hiyohiyo, sio "tutaonana".

Milioni mbili zilizobaki

Hizi ndizo zilizofanya gari iwe ya kuaminika: matairi manne, oili na filta, maji ya rejeta ya rangi badala ya maji ya bomba, bima, gharama za uhamisho, na kiti cha mtoto. Kiti kilileta mjadala nyumbani. Mama mkwe alitaka kumpakata mjukuu. Nikamweleza kwamba gari ikigonga, hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto. Kichanga anakaa kiti cha nyuma, akitazama nyuma ya gari. Usimweke mbele penye mfuko wa hewa, maana ukilipuka unagonga kiti chake. Kwa baridi yetu, funga kwanza mikanda ya kiti ibane mwili, ndipo blanketi lije juu. Blanketi nene chini ya mkanda huacha nafasi, na mtoto anaweza kuchomoka.

Binti yetu alizaliwa salama na sasa ana miezi mitatu. Mvua zikianza Raum haitafika vijiji vyangu vyote, na kwa hilo pikipiki ipo. Ukitaka gari, tenga moja ya tano ya hela yako kwa matengenezo kabla hujaanza kutazama bei. Gari inayomaliza hela yote bado hujaimaliza kuinunua.

Wiki ijayo tutarudi kwenye viazi: namna ya kuchagua mbegu kabla ya mvua.