Damu, Fimbo na Muhuri

Tangu Juni 1997, J.K. Rowling alipochapisha kitabu cha kwanza cha Harry Potter nchini Uingereza, wasomaji wake hawajaacha kubishana juu ya swali moja: kwa nini mchawi mmoja ana nguvu kuliko mwenzake? Vitabu vilifika saba, cha mwisho kikatoka mwaka 2007, na swali likabaki bila jibu la wazi. Tunaonyeshwa watoto wa darasa moja, wenye mwalimu mmoja na somo moja, wakijifunza kuelekeza unyoya upae hewani. Hermione anaupaisha. Seamus anauunguza. Kitabu hakisemi tofauti hiyo imetoka wapi, na wasomaji wameijaza nafasi hiyo kwa nadharia zao.

Nimekuwa nikizisikiliza nadharia hizo kwenye vimbweta vya chuo kwa miaka mingi. Wanafunzi wanaopiga miayo ninapofundisha nadharia za dola huamka kabisa wanapobishana iwapo Dumbledore alikuwa mkali kuliko Voldemort. Wenzangu wengine huona huo ni upuuzi wa vijana. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayeeleza kwa nini fulani ana nguvu na fulani hana, tayari anafanya nadharia ya siasa, hata kama mfano wake ni wa kubuni. Tena katika hadithi ulimi wake huwa huru zaidi, kwa kuwa hadhani kwamba anajieleza yeye mwenyewe.

Kwanza niseme neno juu ya neno lenyewe. Kiswahili hakina jina lisilo na doa kwa kitu kinachofundishwa katika shule ya Hogwarts. Uchawi kwetu ni dhara, uganga ni tiba, mazingaombwe ni mchezo wa jukwaani. Hakuna hata kimoja kinachofanyiwa mtihani wa taifa. Lakini ubishi wenyewe si mgeni kwetu. Tunasema mganga fulani "amerithi mkoba" wa babu yake, tukimaanisha kwamba nguvu imepita katika damu. Ukiuliza zaidi, utaambiwa kwamba mjukuu huyo alitembea porini na babu miaka mingi, akionyeshwa mizizi na kutajiwa majina yake. Basi alirithi damu au alirithi shule? Lugha yetu imeyafunga yote mawili ndani ya mkoba mmoja, na hivyo ndivyo mambo yalivyo katika maisha.

Nadharia ya kwanza ya wasomaji ni ya damu. Imepata hata heshima ya kisayansi: mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha barua ya watafiti waliopendekeza kwamba uchawi katika vitabu hivi unaweza kutumiwa kuwafundishia watoto urithi wa Mendel, kana kwamba ni sifa inayojificha katika kizazi kimoja na kuibuka katika kingine. Haukupita muda, jarida hilohilo likachapisha jibu la watafiti wengine walioonya dhidi ya haraka ya kudhani kwamba sifa hiyo ni ya kijenetiki. Rowling mwenyewe, baada ya kitabu cha mwisho kutoka, aliwaambia wasomaji kwamba hata mchawi aliyezaliwa na wazazi wa kawaida huwa na mchawi mahali fulani katika ukoo wake, pengine vizazi vingi nyuma.

Nadharia hii inaeleza jambo moja vizuri: nani anao uchawi na nani hana. Inashindwa kabisa kueleza kiasi. Hermione, binti wa madaktari wa meno wasio na uchawi wowote, ndiye mwanafunzi bora wa rika lake. Voldemort, aliyeua kwa jina la damu safi, baba yake alikuwa mtu wa kawaida. Ukitaka damu safi kuliko zote, nenda kwa ukoo wa Gaunt katika kitabu cha sita, kizazi cha Slytherin mwenyewe. Utawakuta katika kibanda kichafu, wamebakiwa na pete, kidani na majivuno.

Katika kibanda hicho yumo binti aitwaye Merope, naye ndiye ushahidi mzito kuliko wote katika ubishi huu. Baba yake anamtukana mchana kutwa kwamba hana uwezo, na kweli kila anachojaribu kinamharibikia mikononi. Kisha baba na kaka wanapelekwa gerezani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Merope anabaki peke yake, na nguvu zake zinajitokeza. Baadaye mume wake anamwacha, naye anaacha kuutumia uchawi wake hadi anapokufa. Mwanamke mmoja, damu ileile, na vipimo vitatu tofauti vya nguvu. Mwenye kushikilia nadharia ya damu atueleze ni lini damu hiyo ilibadilika.

Hapo ndipo inapoingia nadharia ya pili, ya malezi na mafunzo. Shujaa wake ni Neville Longbottom. Jamaa zake walihofia kwamba hana uchawi, hivyo babu yake mdogo akawa anamtegea: mara amsukume majini, mara amning'inize dirishani, ili waone kama nguvu itajitokeza. Mtoto aliyepimwa namna hiyo akafika shuleni akiamini kwamba ameponea chupuchupu. Kwa miaka mitano akasoma kwa fimbo ya baba yake, ingawa muuza fimbo, Ollivander, anasema wazi kwamba fimbo humchagua mwenyewe, na ya mtu mwingine haikupi matokeo yaleyale. Walimu wakamwona mzito. Lakini katika kitabu cha tano, wanafunzi wanapoamua kufundishana wenyewe kwa siri baada ya Wizara kuwanyima mafunzo ya vitendo, Neville anapanda ghafla hadi kuwapita karibu wote. Fimbo ya baba inavunjika, anapata ya kwake. Mwishoni ndiye anayelikata kichwa joka la Voldemort.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya watapenda mfano mwingine. Katika kitabu cha sita, ndugu wawili wenye duka la vichekesho wanatengeneza kofia zenye kinga, wakidhani watu watazinunua kwa mzaha. Wizara ya Uchawi inanunua 500 kwa ajili ya watumishi wake, kwa sababu wengi hawawezi kujikinga wenyewe. Watu hawa walipita shule, walifanya mitihani, wana ofisi na vyeo. Nguvu isiyotumiwa hupotea, na cheo hakiirudishi.

Nadharia ya tatu husikika mara chache zaidi, nami naiona ndiyo yenye kina kuliko zote. Inasema kwamba tofauti kubwa ya nguvu katika dunia ile haipo kati ya mchawi na mchawi. Ipo kati ya wanaoruhusiwa kushika fimbo na wasioruhusiwa, na iliwekwa na sheria. Viumbe wasio binadamu wamekatazwa kisheria kumiliki fimbo. Goblin, wanaosimamia benki ya wachawi, wanalalamika katika kitabu cha saba kwamba wachawi wamekataa kuwagawia elimu ya fimbo kwa karne nyingi. Wale watumishi wa majumbani, kina Dobby na Kreacher, wana uwezo ambao mabwana wao hawana: wanaweza kutoweka na kutokea mahali ambapo hakuna mchawi anayeweza kufanya hivyo. Kreacher anatoka salama katika pango ambalo Voldemort alilizungushia kila kinga aliyoijua, kwa sababu ndogo sana: Voldemort hakuwahi kufikiri kwamba uwezo wa mtumishi ni jambo la kuhesabiwa.

Hebu tutafakari hapo. Kiumbe mwenye uwezo kama huo anapika, anafua, na akikosea anajipiga mwenyewe. Anayetaka kupanga orodha ya wenye nguvu kwa kupima nani angemshinda nani katika pambano hawezi kueleza utumwa huo, maana kwa kipimo chake Dobby asingekuwa mtumishi wa mtu. Tunahitaji maneno mengine: sheria, mazoea, na imani iliyopandwa ndani ya anayetawaliwa kwamba hapo ndipo mahali pake.

Je, nadharia zina madhara, au ni mazungumzo ya kupotezea muda tu? Kitabu cha saba kinajibu. Voldemort anapoiteka Wizara, haanzi na mapanga. Anaanza na tume. Wizara inatangaza kwamba utafiti umeonyesha uchawi hurithiwa tu, hivyo asiye na ndugu mchawi lazima aliuiba. Wanaitwa mmoja mmoja mbele ya meza. Mwanamke ambaye wazazi wake ni wauza mboga anaulizwa fimbo yake aliichukua kwa nani. Anajibu kwamba aliinunua akiwa na miaka kumi na mmoja, tena fimbo yenyewe ndiyo iliyomchagua. Jibu hilo ni sahihi na halimsaidii kitu. Anayemhoji ni Umbridge, mtumishi mzoefu wa Wizara, amevaa kidani anachodai ni cha ukoo wake wenye damu safi. Kidani hicho alikipata kwa rushwa, kutoka kwa mchuuzi asiye na leseni. Nje, mitaani, wapo walionyang'anywa fimbo, wanaombaomba huku wakiapa kwamba wao ni wachawi kweli.

Ni nadharia ileile ya damu, isipokuwa sasa imepata muhuri. Wala si hadithi tupu. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 nchini Ujerumani ziliwagawa raia kwa kuhesabu babu na bibi zao. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu ilimpa kila mtu kundi la rangi, na kundi hilo likaamua atakaa wapi na atasoma nini. Ilifutwa mwaka 1991. Kote huko kulihitajika wataalamu wa kuandika nadharia, makarani wa kujaza fomu, na watu wengi wa kawaida walioona kwamba kazi ni kazi.

Sasa nirudi karibu. Kila mwaka huja ofisini kwangu mwanafunzi, mara nyingi wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo kikuu, kuniambia kwamba anafikiria kuacha. Nikimuuliza sababu, hasemi masomo ni magumu. Anasema, "Mwalimu, wenzangu wana kitu ambacho mimi sina. Wamezaliwa nacho." Nikichunguza hicho walichozaliwa nacho, nakuta kwamba walisoma kwa Kiingereza tangu chekechea, nyumbani kulikuwa na vitabu, na mzazi aliweza kuwaeleza maana ya swali. Yeye alisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza akakabidhiwa fizikia katika lugha nyingine na kuambiwa akimbie. Amesoma muda wote huo kwa fimbo ambayo haikumchagua. Sisi tumemwita kilaza, naye ameliamini jina hilo kama Merope alivyoliamini la kwake.

Sisemi kwamba vipaji vya asili havipo. Dumbledore hakufanywa na silabasi, na darasani kwangu wamepita vijana waliokamata hoja kabla sijaimaliza. Lakini nimeona pia kwamba kipaji hutajwa mapema mno, kabla hatujauliza nani alifundishwa, nani alitishwa, nani alinyimwa nyenzo. Ukikitaja mwanzoni, uchunguzi unakoma na wa kulaumiwa hayupo. Bajeti ya shule haihojiwi, mwalimu hahojiwi, sheria haihojiwi. Kinachobaki ni mtoto na damu yake. Haki inataka kipaji kiwe jibu la mwisho, baada ya mengine yote kuhesabiwa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi waendelee kubishana vimbwetani, tena kwa nguvu, lakini wasiishie kwenye orodha ya nani mkali. Waulize fimbo ziliuzwa na nani, nani alikatazwa kuzinunua, na aliyekatazwa alikuwa na uwezo gani. Kwa mtumishi wa umma nina ombi dogo zaidi. Siku utakapoletewa fomu yenye kisanduku cha kuuliza mtu alizaliwa na nani kabla ya kuuliza anaweza kufanya nini, soma fomu hiyo mara mbili kabla hujashika muhuri. Mwanamke yule wa kitabuni alikuwa na jibu sahihi. Alichokosa ni mtu mmoja upande wa pili wa meza aliyekuwa tayari kulisikia.