Gari Ilikuwa Inaongea, Mimi Nikawa Nanunua Spea

Wasee, wacha nianze na kitu sikusema kwenye ile vidio. Ile Hilux mliona imesimama juu kama twiga haikuwa yangu. Ni ya babangu, na ndiyo inatulisha. Asubuhi inabeba mahindi na ndizi za watu kutoka upande wa Shinyalu hadi sokoni Kakamega mjini. Jioni inarudi na mbolea ama mabati, kulingana na nani amepiga simu.

Mimi ndiye nilimshawishi tuiinue. Nilimwambia vile mvua ya kwetu huchimba barabara, gari ikikaa juu kidogo haitakuwa inakwaruza tumbo. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ingine, nilitaka kitu cha kuposti.

Kazi tulifanya wenyewe nyumbani, mimi na beshte yangu, Jumamosi moja. Mbele tuliweka spesa juu ya springi za koili. Nyuma tuliweka bloki za chuma za inchi 2, katikati ya ekseli na zile springi za vyuma bapa vimelaliana. Halafu yubolti ndefu, zile zimepindwa kama herufi U, zikafunga kila kitu pamoja. Saa kumi na moja jioni jeki zilitoka, gari imesimama kifua mbele. Vidio ikatazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Wiki mbili baadaye kelele zikaanza.

Zilikuwa mbili. Moja ya mbele, "kwii kwii," ukipita tuta polepole. Ingine nzito, "ndu!" mara moja tu, ukiachilia klachi kuondoka, ama ukikanyaga breki. Baba aliniambia usiku tukila. "Hiyo kubwa inatoka nyuma, upande wa kushoto."

Nikamjibu, "Baba, chuma hubeba sauti. Unaweza kuisikia nyuma na iko mbele. Hii ni linki za stabilaiza, ziko wazi kabisa."

Sasa, babangu hupiga isukuti. Kama hutoki huku, isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho. Ziko tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na ngoma hizo ndizo zimeipa densi yenyewe jina. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka wa 2014. Huyu ni mtu ambaye, katikati ya matanga yenye watu mia tano, anaweza kukuambia ni ngoma gani ngozi yake imelegea, na hajageuza kichwa. Na mimi nikamwambia hajui sauti inatoka wapi.

Nikanunua linki mpya. Kelele ikabaki. Nikasema basi ni shokabzoba, kwa sababu gari ikiinuliwa zile za zamani huwa fupi, gurudumu likishuka zinafika mwisho na kugonga. Hiyo ni kweli, hutokea. Lakini hata sikuangalia kama ndiyo inatokea kwetu. Nikanunua za nyuma mbili, pesa ya vidio yote ikaisha na nyingine nikakopa. Kelele ikabaki. Baba alikuwa ameacha kuniambia kitu. Anaendesha tu, redio chini, anasikiza.

Siku ilipotokea, alikuwa anatoka upande wa Kisumu na mzigo wa mabati, na dadangu mdogo ameketi kando yake, amemchukua shule. Karibu na Jiwe Linalolia pale Ilesi, akakanyaga breki kwa sababu ya boda iliyoingia ghafla. Ikalia "ndu," na mara hii gari ikavuta upande. Usukani umenyooka, lakini gari inaenda mshazari kama kaa. Baba aliitoa barabarani pole pole. Hakuna aliyeumia. Aliponipigia alisema tu, "Kuja uone kazi yako."

Nilichokuta sitasahau. Yubolti za kushoto zimelegea hadi unaweza kutikisa washa na kidole. Ile bolti ya katikati, inayoshikanisha vyuma vya springi na kuweka bloki mahali pake, imekatika. Ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Hiyo bolti haijatengenezwa kubeba nguvu ya gari ikisukuma na kufunga breki. Yubolti zikikaza, msuguano ndio unashika. Zikilegea, kazi yote inaangukia bolti moja nyembamba. Kila "ndu" tuliyosikia ilikuwa ekseli ikicheza juu ya bloki yangu.

Fundi aliyekuja kututoa ni mzee mmoja, mkono mmoja spana, mkono mwingine chai. Sikutarajia maswali yake.

"Kijana, kelele ilianza lini?"

"Baada ya kuinua, mzee."

"Na baada ya kuinua, bolti gani ulirudi kukaza?"

Nikanyamaza.

"Umenunua nini?"

Nikamtajia. Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Umebadilisha vitu vyote ambavyo hukuvigusa siku ile."

Hapo ndipo niliona kitu kuhusu mimi mwenyewe. Sikununua spea kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Nilinunua kwa sababu shoki ikiwa mbovu, makosa ni ya shoki. Kuingia chini na spana na kuangalia kazi yangu ingekuwa kukubali kwamba labda ni mimi. Na watu elfu kadhaa walikuwa wameniona nikisema "imekamilika."

Mzee alinifundisha siku mbili zilizofuata, na haya ndiyo nataka ubebe.

Kwanza, usiulize "ni nini?" Uliza "ni lini?" Kelele ikija ukiondoka au ukifunga breki, shuku mahali ekseli imefungwa: yubolti, springi, bushi zake. Unaweza pia kushuku propela, kwa sababu ukiinua gari pembe yake hubadilika. Kelele ikija gurudumu moja likiingia shimo, lakini haiji ukipita tuta na magurudumu yote mawili pamoja, hapo stabilaiza ina kesi. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, hiyo fimbo haijikunji sana. Likipanda moja, inajikunja. Ukitaka kuhakikisha, fungua linki zake, endesha polepole mahali hakuna watu, usikize. Kelele ikienda, umepata. Jaribio hilo ni bure. Mimi nililipa pesa kupata jibu lile lile.

Pili, angalia kabla hujafungua. Chuma kinachocheza huacha alama. Utaona vumbi jekundu la kutu limetoka kwa kiungo, ama sehemu imeng'aa kama sarafu mpya wakati kila kitu kando yake kina matope. Yangu ilikuwa imeng'aa kwa wiki kadhaa. Nililala chini ya hiyo gari nikibadilisha shoki, na sikuiona, kwa sababu nilikuwa natafuta shoki.

Tatu, hiyo "kwii kwii" ya mbele pia ilikuwa mimi. Tulikaza bolti za mikono ya chini gari ikiwa bado kwa jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi za mpira zikikazwa hivyo, gari ikishuka zinabaki zimejipinda kila saa. Zinalia, halafu zinapasuka. Mzee alizilegeza, akashusha gari ikasimama kwa uzito wake, akaitikisa, ndipo akakaza. Kelele ikaisha. Hakuna spea hata moja.

Nne, yubolti mpya hulegea. Hazikosi kulegea. Vyuma vinakaliana, rangi inasagika, bolti inanyooka kidogo. Unarudi kukaza baada ya siku chache za kwanza, halafu tena baada ya kilomita mia kadhaa, na spana ya kupima nguvu ukiweza kuipata. Mzee alipaka mstari wa rangi nyeupe kutoka kwa nati hadi kwa uzi wa bolti. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Baba sasa huinama kuangalia huo mstari kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Najua kuna watu waliinua gari zao baada ya kuniona. Watano waliniandikia wakiwa na furaha, na mmoja aliuliza kama "kasauti kidogo" ni kawaida. Nilimjibu, "Ni kawaida, itakaa sawa." Nimemtafuta, nimemwambia asiendeshe hadi akaze. Ile vidio nimeitoa. Kama uliifuata, toka nje sasa hivi na spana. Usingoje wikendi.

Sisemi usiinue gari. Nasema siku ya kuinua ni nusu ya kazi, na nusu ya pili haina mtu wa kupiga makofi.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Baba kwa matanga, yeye ndiye anapiga. Tumefika njia panda akanigusa mkono. "Simama." Nikasimama. Akasikiza injini ikinguruma, mlango ukitetemeka, mbuzi wa mtu mahali. "Kuna kitu kinalia nyuma kulia. Kidogo."

Nilizima gari, nikachukua tochi, nikaingia chini na nguo za matanga. Mstari mweupe ulikuwa mzima pande zote mbili. Lakini mnyororo wa tairi ya akiba ulikuwa umelegea, unagonga.

Nikaukaza. Akasema sawa, twende.